Jina Lako Kwenye Leseni ya Mama Mdogo

Mwanangu Asha,

Sikuulizi hali, maana nakusikia chumba cha pili ukiburuta sanduku huku unaongea na simu. Jua bado lipo. Nimekaa kwenye meza ya chakula na nimeamua kuandika kwa sababu kila nikifungua mdomo mbele yako nazungumzia gari. Matairi umeangalia, oili umebadilisha, maji ya akiba yapo kwenye buti. Mwenyewe umeniambia, "Baba, umeniuliza mara nne." Basi, ya gari yameisha. Sitakuambia ule nini, ulale saa ngapi wala uswali vipi. Hayo mama yako alikufundisha, na mengine umejifunza kwa kuniangalia mimi nikiyakosea.

Nataka kuzungumza nawe habari ya leseni.

Mchana wa leo ulikuja jikoni na simu mkononi, ukanionyesha barua pepe kutoka ofisi ya jimbo. Wameipokea fomu. Ni ya kampuni ya mama mdogo wako Mwajuma huko Houston, kampuni ya magari ya kuhamisha wagonjwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine. Chini ya jina la kampuni kuna nafasi ya msimamizi wa leseni, na hapo pameandikwa jina lako, majina yote matatu. Mimi nilikuwa najua utatia saini Jumatatu ukishafika. Nilikuwa nimejiwekea siku tatu za kutafuta maneno. Nikakuuliza, ukasema, "Nime-sign jana, Baba. Ni paperwork tu." Nikasema hongera. Nilikugonga hata bega, nikacheka, ukaenda zako na furaha yako.

Hongera ile imenikaa kooni tangu saa nane mchana.

Kozi ya usimamizi umeisoma wewe, sikusoma mimi, lakini acha niliseme jambo hili kwa maneno yangu. Jimbo la Texas halimjui Mwajuma. Linataka mtu mmoja ambaye siku mambo yakiharibika litamuuliza yeye. Gari hili ulilosema ni la wagonjwa mahututi, vifaa vya mahututi vilikuwemo? Hawa waliokuwa ndani, vyeti vyao viliwaruhusu? Mgonjwa yule, kwa nini alipandishwa gari hili na hakusubiri lile? Mwenye kampuni anaweza kukaa nyuma ya pazia akanywa chai. Anayejibu ni msimamizi. Una miaka ishirini na minne, cheti chako cha uparamediki bado kinanukia wino, na faili lako ni safi kabisa. Ndiyo maana umeitwa.

Utasema baba amezeeka, anaogopa karatasi. La. Karatasi siziogopi. Nimeshaziona zikiwa zimejazwa vizuri sana, mstari kwa mstari, na mtu amekufa.

Hii habari hujawahi kuisikia. Hakuna aliyewahi kuisikia kutoka kwangu.

Unajua kwamba kabla ya kuja huku nilikuwa afisa tabibu, miaka kumi na sita, kwenye kituo cha afya kule kwetu Kondoa. Tulikuwa na Land Cruiser moja, nyuma mabenchi mawili yanatazamana, na mgonjwa wa rufaa tunamlaza katikati kwenye godoro. Mwanamke aliyekwama uzazi, mzee aliyevunjika nyonga, mtoto wa degedege, wote humohumo. Dripu niliishika kwa mkono, nimeinama, kichwa kinagonga paa mpaka Dodoma. Hakuna aliyeniuliza gari lile ni la daraja gani. Wengi walifika. Waliofia njiani tuliwarudisha kwao, ndugu zao wakatushukuru, na mimi nikajiona mtu wa maana sana.

Halafu nikaja Texas nikaambiwa si chochote. Vyeti vyangu nilivifunga kwenye bahasha ya plastiki nikaviweka juu ya kabati, unakijua kile kifurushi. Nilianza kwa kuwageuza wazee vitandani kwenye nyumba ya wazee hapa DeSoto. Baadaye nikasomea EMT, mhudumu wa ambulensi wa ngazi ya chini kabisa, nikiwa darasani na watoto wa miaka kumi na tisa wanaotafuna bazoka. Nilifaulu, nikapata kazi kwenye ambulensi za kuhamisha wagonjwa. Gari letu lilikuwa la daraja la chini, EMT wawili, hakuna paramediki, yule anayeruhusiwa kutoa dawa. Tuliruhusiwa kumpeleka mtu ambaye hali yake imetulia. Tunapima presha, tunaweka oksijeni, tunamtuliza. Mgonjwa mwenye dawa inayoingia mwilini kwa pampu si wa kwetu. Huyo anasubiri gari lenye paramediki, hata kama litachelewa nusu siku.

Sheria hii niliicheka. Niliwaambia wenzangu kwamba mimi nimevuka mito na wagonjwa ambao hapa wangebebwa kwa helikopta. Walikuwa wanacheka pamoja nami, nami nikadhani wananisadiki.

Sasa nikurudishe kwa mama yako, kwa sababu bila yeye hutaelewa.

Zainabu alipofariki ulikuwa na miaka kumi na tatu. Nimeona vifo vingi, lakini siku ile nilisimama kwenye korido ya hospitali sijui hata nipige simu wapi. Mwajuma tulikuwa tunafahamiana naye kwa salamu tu, Mtanga, muuguzi, anakaa Carrollton. Alikuwa ametoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo. Alipopata habari hakwenda kulala. Aliendesha mpaka msikitini na sare za kazi, akabadilisha, akaingia na wanawake wawili ambao hawakumjua mama yako hata kwa sura, akamwosha. Alimsuka nywele mikia mitatu. Alipotoka mikono ilikuwa bado imelowa, akaniambia, "Shem, ametoka mzuri." Tangu siku ile nilimwita shemeji kana kwamba amezaliwa tumbo moja na Zainabu, nawe ukaanza kumwita mama mdogo bila kufundishwa na mtu. Alikusuka kila Idi. Alikununulia vile vitu ambavyo baba hajui kununua. Hakuna jambo ambalo angeniomba mimi nikasema hapana.

Na aliomba mara moja tu.

Wakati huo alikuwa muuguzi mkuu wa zamu kwenye hospitali ndogo kusini ya hapa, na mimi nilikuwa kazini na Mapendo, yule mama wa Bukavu anayekaa Fort Worth, aliyekuwa akikuletea sambaza za kukaanga, vile vidagaa vya ziwa lao. Yeye dereva, mimi nyuma. Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Tuliitwa kumchukua mgonjwa kumpeleka hospitali kubwa mjini Dallas. Fundi bomba mstaafu, mtu mkubwa wa mwili, mikono yenye makovu. Maambukizo yalikuwa yameingia kwenye damu na presha yake ilikuwa inashuka, wakaipandisha kwa dawa ya pampu. Mkewe alikuwa pembeni ameshika kofia ya mumewe.

Nilipoingia na machela nikaona pampu imewekwa mezani, imezimwa, na mrija umefungwa. Kwenye hati ya uhamisho daktari alikuwa ameshaweka alama: ametulia, gari la daraja la chini linatosha. Nikapima presha mwenyewe. Ilikuwa imesimama pale kwenye ukingo, ile presha ambayo tabibu yeyote akiiona anavuta kiti anakaa asubiri. Nikamuuliza Mwajuma kwa Kiswahili dawa imezimwa lini. Akasema muda kidogo, amevumilia. Nikauliza kwa nini hawajaita gari la paramediki. Akasema wameita, litakuja baada ya saa tatu, vitanda vimejaa, watu wamelala kwenye korido, na yule bwana akikaa pale saa tatu atakufa mikononi mwake. Alikuwa hajakaa chini tangu alfajiri. Nilimwona alivyochoka.

Kisha akasema, "Shem, wewe ni daktari. Hawa hawajui, mimi najua. Ni dakika ishirini, utampeleka."

Katika Texas nzima ni yeye peke yake aliyekuwa bado ananiita daktari. Mwanangu, nakuomba ulisome sentensi hiyo mara mbili, maana humo ndimo nilimoanguka. Sikudanganywa. Nilijua dawa ile inafanya nini na nilijua ikizimwa ghafla mwili unadai. Nilijua kwamba pampu haikuzimwa kwa sababu mgonjwa amepona, ilizimwa ili mgonjwa atoshe kwenye gari langu. Lakini mbele yangu alisimama mtu aliyemwosha mama yako, na ananiita daktari. Ningemwambiaje, shemeji, lete karatasi, shemeji, mimi sibebi? Kwetu mtu anasema hivyo kwa mgeni. Nikatia saini ya kumpokea.

Mapendo aliitazama ile pampu mezani, akanitazama mimi. Akashika upande wake wa machela. Mimi nilikuwa mkubwa wake kazini na kwa umri, na aliniita Papa, kama Wakongo wanavyomwita baba.

Mke wa mgonjwa tulimpandisha mbele, kando ya dereva. Dakika tano za kwanza yule bwana alikuwa ananisimulia bomba lililopasuka chini ya shule fulani. Dakika ya saba alinyamaza. Nikapima, imeshuka. Nikainua miguu, nikaongeza oksijeni, nikampima tena, imeshuka zaidi. Vile nilivyoruhusiwa kufanya vilikwisha hapo. Dawa aliyoihitaji niliijua kwa jina, kwa kipimo, kwa kasi yake ya kuingia, ningeweza kuipanga nimefumba macho. Haikuwemo. Gari la daraja letu halina dawa hiyo, sheria haituruhusu kuibeba, na sasa nilielewa kwa nini sheria ilikuwa inataka gari jingine. Wale niliowacheka walikuwa wamefikiria mtu huyu kabla hajaugua.

Mapendo aliona kwenye kioo jinsi ninavyohangaika. Akasema, "Papa, hôpital ndiyo ile pale. Nitoke hapa?"

Ilikuwa upande wa kulia, jengo lake unaliona ukiwa barabarani, na njia ya kutokea ilikuwa mbele yetu karibu sana. Sheria inasema uingie pale palipo karibu. Akili yangu ilisema uingie. Lakini tukiingia pale, daktari wa kwanza atauliza mtu huyu alikuwa na dawa gani, ameitoa nani na saa ngapi. Na cheti cha uuguzi cha Mwajuma kingekwisha siku hiyohiyo. Nikamwambia Mapendo, "Subiri kidogo, nimpigie shemeji."

Nikampigia. Nilitaka aniruhusu. Mgonjwa anafia mikononi mwangu na mimi naomba ruhusa, nisije nikamwaibisha mtu. Hakupokea mara ya kwanza. Mara ya pili alipokea, akasikiliza, akasema, "Usiingie hapo, shem. Mmekaribia, endeleeni." Njia ya kutokea ikapita upande wetu wa kulia na mimi naitazama dirishani.

Yote haya tuliyasema kwa Kiswahili. Mke wa yule bwana alikuwa ameketi palepale, kofia mapajani, kati ya sauti yangu na ya Mapendo, na sisi tukajadili uhai wa mumewe juu ya kichwa chake kwa lugha asiyoijua. Kama tungekuwa tunasema Kiingereza angetuambia tutoke pale. Mtu yeyote angesema tutoke. Hilo sijaweza kulisamehe, wala sijui ni nani wa kulisamehe.

Mbele kidogo kulikuwa na foleni, lori limelala. Hapo ndipo mapigo yalipopotea. Nilibonyeza kifua chake mpaka tukafika, Mapendo anapiga king'ora anapita pembeni ya barabara analia. Tulipokelewa, wakamrudisha kidogo, halafu akaondoka tena. Hakumaliza siku.

Mkewe alinifuata nje, pale nilipokuwa napangusa machela. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alinishukuru. Alisema alipokuwa mbele alituogopa mwanzoni, lakini sauti zetu zilikuwa za upole, zikamtuliza, na kwamba lugha yetu ni nzuri sana kuisikia. Nikamwambia pole. Nikamwambia nasikitika sana. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kweli, amesimama mbele yangu, tumeshikana mikono, na mimi nikasema nasikitika sana kama wanavyosema wote.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikakufokea kwa sababu ya taa ya bafuni. Ulikuwa na miaka kumi na saba, ulikuwa na mtihani kesho yake. Ulinijibu kwa Kiingereza, ukafunga mlango. Nilikuwa nataka kuja kukuomba radhi nikashindwa, kwa sababu ungeniuliza nina nini.

Ripoti niliiandika jioni ofisini. Niliandika kwamba kwa mujibu wa hati ya daktari mgonjwa alikuwa ametulia wakati wa kuondoka na hali yake ikabadilika ghafla njiani. Kila neno jingine kwenye ripoti ile ni kweli. Neno ghafla ndilo nililoliweka mimi. Haikuwa ghafla. Ilianza nilipoiona pampu mezani.

Nilingoja nikamatwe. Nakwambia kweli, nilitamani. Baada ya miezi kadhaa wakaguzi wa jimbo walikuja kwenye kampuni, ukaguzi wa kawaida. Walikuwa wawili, watu wa adabu. Walihesabu barakoa za oksijeni. Waliangalia tarehe za vifaa, bendeji moja ilikuwa imepitwa na wakati wakaiandika. Walisoma vyeti vyetu ukutani. Kisha wakaomba mafaili ya wagonjwa waliobadilika hali njiani, na faili lile likaletwa mezani. Nilikaa pale mikono juu ya magoti. Mmoja wao alilisoma lote. Hati ya daktari ipo, saini ipo, daraja la gari linalingana na hali iliyoandikwa, ripoti imejazwa. Akaniuliza kama kuna la kuongeza. Nikasema hapana. Akalifunga, akachukua jingine.

Nililipwa mshahara siku ile kama siku nyingine.

Mapendo aliacha kazi wiki hiyohiyo ya msiba. Yuko kwenye ghala huko Fort Worth, anapanga maboksi. Tukikutana dukani ananiuliza habari zako, ananiita Papa vilevile, na anaondoka haraka. Nafikiri ananionea huruma, na ni afadhali angenitukana. Na Mwajuma? Idi iliyofuata alikuja na sinia la pilau, akakusuka nywele, akacheka na wewe sebuleni. Hatujawahi kulitaja. Hata mara moja, miaka saba. Nilidhani tunaheshimiana. Nilichelewa kuona kwamba tumefungana.

Usije ukafikiri nakuambia mama mdogo wako ni mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningelala usingizi, maana mbaya ungemkimbia mwenyewe. Anakupenda. Huko Houston atakupikia, atakupa chumba chenye dirisha, atakaa na wewe usiku ukiumwa. Na siku moja atakuita kwa upole, hajalala, amechoka, hospitali fulani inapiga simu, gari la juu limeharibika, lililobaki ni la chini, na mgonjwa hatoshi. Atakuomba jambo dogo. Pengine saini. Pengine ukae kimya tu. Hatakutisha wala hatakulazimisha. Atakuita mwanangu.

Ukifika hapo, sema baba amenikataza. Nakuomba unitumie mimi. Sema baba yangu ni mkorofi, ameniapiza, ameniambia nikifanya hivyo nisirudi kwake. Mwongeze na mengine. Nifanye mimi niwe yule mtu asiye na shukrani, mimi nimeshaharibika, haitanidhuru. Wewe usiulize ni nani anakuomba, tazama mgonjwa na tazama gari, basi. Na ukishindwa kusema, ondoka chumbani. Na ukishindwa kuondoka, zungumza Kiingereza, ili yule anayehusika asikie.

Nimeandika hivyo, na nikiyasoma tena siyaamini. Mimi nilikuwa mtu mzima, nimeshazika mke, nina ujuzi kuliko daktari aliyeweka alama kwenye hati ile, na sikuweza kutamka neno hapana kwa mwanamke mmoja aliyechoka. Wewe umelelewa naye. Nikutegemee vipi uweze?

Utauliza kwa nini sikwenda kusema kwenye ofisi ya jimbo miaka yote hii. Fomu ya malalamiko ninayo. Niliichapisha zaidi ya mara moja. Inauliza maswali mepesi, lini, wapi, gari gani. Nilifika kila mara mpaka pale inapouliza jina la unayemlalamikia. La kwangu niliandika. La kwake mkono uligoma. Wiki iliyopita niliitoa tena, nikasema safari hii namaliza, kabla Asha hajaingia. Leo umenionyesha simu. Sasa nikilitaja jina lake, watafungua kampuni yake, na kwenye kampuni yake mtu wa kujibu ni wewe. Kwa hiyo hata mlango huo nimekaa nao mpaka umefungwa.

Bado moja, halafu nikuache ufungashe.

Ulipotoka saa kumi kwenda kununua chaja, nilimpigia Mwajuma. Sikuwa nimempigia mwenyewe tangu siku ile ya barabarani, siku zote anapiga yeye. Nilimwomba amtafute msimamizi mwingine. Nilimwambia mtoto bado mdogo, amwache afanye uparamediki tu, asiwe na jina kwenye leseni. Nilimtaja yule fundi bomba. Ilinichukua muda, nilimtaja kwa jina lake kabisa.

Sauti yake ilikuwa ya upole uleule, na nafikiri alikuwa anataka kunisifu. Alisema, "Shem, nina vijana sita wenye vyeti kama vya Asha. Nimemchukua yeye kwa sababu ni damu yako. Ninyi mnajua kunyamaza."

Nilikuwa na simu mkononi, Asha. Nilikuwa na neno la kumwambia, lilikuwa limefika hapa kwenye meno. Nikamsikia anasubiri.

Sikumjibu.

Baba yako